Kimondo Changu cha Kurui

Jamani, leo nacheka, lakini siku ile nilitamani ardhi ya Kurui inimeze, na shimo lenyewe lilikuwa tayari lipo.

Nilikuwa mwalimu mgeni, Mnyamwezi wa Tabora niliyepangiwa kijiji cha Kurui, Kisarawe vijijini, wakati ule wa vijiji vya ujamaa, nasubiri barua ya kuthibitishwa kazini (bila barua ile ningeweza kurudishwa kwetu wakati wowote, na kwetu nilikuwa nimeshaaga kwa mbwembwe). Basi siku moja nafundisha jiografia, nawasomea watoto habari za shimo kubwa la huko Marekani, jangwani, lililochimbwa na kimondo kilichoanguka kutoka angani, hata serikali yao ikalitangaza kuwa alama ya asili ya nchi, watu wanatoka mbali kwenda kulitazama. Darasa zima linasinzia. Nikaona niwaamshe, nikasema, "Hata ninyi mnalo, lile la nyuma ya shule."

Kusema kweli shimo lile nilikuwa nimeliona mara mbili tu, pana, la mviringo, limeota majani. Watoto wakapeleka habari majumbani, kesho yake mwenyekiti wa kijiji akaja kunipa mkono, na mimi badala ya kukiri kwamba nilisema tu, nikaongeza chumvi, nikamwambia kimondo kilikuja kikitokea upande wa Maneromango (kwa nini Maneromango, sijui mpaka leo).

Angalau nilimuuliza Bi Mwanaidi, mama mwenye nyumba niliyopanga. Yeye Mzaramo, na mnajua Wazaramo na sisi Wanyamwezi ni watani, haikupita siku bila kunichokoza, mara nakula sana, mara natembea kama nimebeba mizigo ya Waarabu. Nikamwamkia shikamoo, nikamuuliza lile shimo lina umri gani. Akaitikia marahaba, akaendelea kukuna nazi.

"Ah, mwalimu," akasema, "ninyi mliosoma ndio mnaojua."

Nikaondoka kichwa kimevimba. Mtani mzima anapata nafasi ya kunicheka na anaiacha, na mimi sikushtuka!

Nikaandika barua wilayani kwa mkono wangu mwenyewe kutangaza kimondo chetu, nikijua itapita mezani kwa afisa elimu, aone ana mwalimu wa namna gani. Kijiji kikapiga msaragambo, watu wakafyeka njia ya kwendea shimoni, wanafyeka huku wanacheka, nami nikadhani wamefurahia maendeleo. Nikachora na kibao cha kuelekeza wageni.

Siku ya siku Landrova ikaja na afisa elimu, pamoja na mtaalamu wa miamba kutoka Dar. Nimevaa suruali yangu mpya ya bugaluu, pana miguuni, nimesimama ukingoni mwa shimo, nahutubia kijiji kizima habari za anga. Mtaalamu akashuka taratibu, akapapasa kingo, akafukuafukua kwenye majani, akapanda na jembe bovu lililoliwa na kutu.

"Mwalimu," akauliza kwa upole kabisa, "kimondo chenu kilikuja na jembe?"

Afisa elimu hakucheka, alinitazama tu, akataka kujua kama haya ndiyo ninayowafundisha watoto wa watu. Barua yangu ya kuthibitishwa naiona inapeperuka, naiona na treni ya kurudi Tabora. Hapo Bi Mwanaidi akajitokeza, anafunga khanga vizuri kiunoni.

"Msimguse huyo, ni mtani wetu," akasema. "Shimo tumelichimba sisi, udongo wake ndio tuliokandikia lile darasa. Kila siku anaegemea kimondo chake."

Watu walikaa chini kwa kicheko. Kumbe walijua tangu siku ya kwanza, wakakubaliana pasiwepo wa kuniambia. Na afisa elimu (Mungu hamtupi mja wake) naye alikuwa Mzaramo. Uso ukamlegea, akasema mtani hashtakiwi, hutozwa, na hapohapo akanitoza kukandika upya ukuta wa darasa uliokuwa umebomoka, kwa udongo wa shimo lilelile, nibebe kichwani mwenyewe. Nikabeba, bugaluu ikafagia tope, darasa la sita wananipigia makofi.

Mpaka namaliza sikujua hatima yangu, na kumuuliza afisa naogopa. Alipokuwa anapanda gari ndipo akatoa bahasha kwenye mkoba. Nimethibitishwa! Alikuja nayo tangu asubuhi. Sikumbuki kama nilisema asante, nakumbuka nilikaa palepale chini nikapumua, nikapumua tena.

Barua hiyo ninayo hadi leo, ina alama ya dole gumba la udongo wa Kurui. Na tangu siku ile, nikikuta shimo ugenini, namuuliza kwanza mama mwenye nyumba limechimbwa na nani, na akinijibu kwamba waliosoma ndio wanaojua, nafunga mdomo wangu nakwenda zangu kulala.