Madamu Rehema kaokota namba yake mwenyewe

Leo nimemfanyia mtu unyama, tena huku natabasamu.

Hapa shuleni kwetu Nyanungu tuko walimu saba, nyumba saba. Mkuu akasema tubadilishane kwa kura. Karatasi saba kwenye kofia, namba utakayookota ndiyo nyumba yako.

Madamu Rehema, aliyehamia kutoka Tanga, anakaa namba nne. Bati limeoza, na mwanawe ana pumu. Asubuhi alishatoa vyombo vyote nje, hadi godoro.

Akaokota namba nne.

Jamani, tulicheka! Mimi ndo nilicheka kuliko wote, maana nilikuwa nimeokota namba moja, ile mpya yenye tenki la maji.

Hakulia. Akanigeukia mimi, mwalimu wa hesabu.

"Mwalimu, si huwa unawaambia wanafunzi kuna namna ya kupanga watu upya bila hata mmoja kubaki alipokuwa?"

"Zipo nyingi tu, madamu."

"Basi mwambie mkuu turudie."

Mkuu akaniangalia. "Mura, sema. Turudie?"

Nikalifikiria lile tenki.

"Kihesabu, mkuu, ukichanganya hivi, kwa wastani mtu mmoja hubaki palepale. Leo ni yeye. Kura ni kura."

Mkuu akafunga kikao.

Nikamfuata nimsaidie godoro. Akasema, "Acha. Hesabu yako nimeielewa." Akaliburuta mwenyewe mpaka ndani.

Haya, semeni mnavyotaka. Mimi mapazia nimeshatundika.