Bodi ya Kuigiza

Wauguzi walimwita Fundi Kesho, naye hakukasirika. Ukimpelekea kipimo cha presha alikigeuzageuza, akakinusa kama mtu anusavyo maziwa yaliyolala, kisha akasema, "Njoo kesho." Karakana yake ilikuwa nyuma ya chumba cha kufulia cha hospitali, na mvuke wa mashuka ulimfikia mchana kutwa. Mkewe alikuwa muuguzi wa wodi ya watoto njiti. Watoto wao walikuwa wameshaota ndevu na kuhama, nyumba imebaki na sauti mbili.

Mwaka ule kitanda kimoja cha joto kilizimika. Ni sanduku la kioo analolazwa mtoto aliyezaliwa kabla ya siku zake, na chini yake kuna bodi ndogo inayoongoza joto. Programu ya bodi hiyo ilikuwa imeharibika, na waliokitengeneza walikwisha kufunga kiwanda. Fundi akaamua kuiandika upya. Lakini bodi ilikuwa moja tu, na kujaribia programu changa juu yake ni kujifunzia kunyoa kwenye kichwa cha bwana harusi. Akaunda bodi ya kuigiza ndani ya kompyuta, programu iendeshwe humo ikidhani iko nyumbani.

Shida ilikuwa prosesa, ule ubongo wa bodi. Kiigizi alichokipata, programu ya kuiga prosesa, kiliwajua ndugu zake wa karibu, lakini yenyewe kiliijua nusunusu. Programu ikigusa sehemu isiyojulikana, kila kitu kinasimama. Mafundi wa kazi hii wana desturi yao: penye pengo unabandika jibu. Sehemu ikiulizwa inajibu kwamba iko tayari, safari inaendelea, nawe utarudi kuitengeneza baadaye. Fundi alibandika, akabandika tena.

Wodini, kitanda kizima kilichobaki kilikuwa na watoto wawili. Wa tatu, binti wa mshona nguo mmoja, alikuwa amefungwa pamba na blanketi, na miguu yake haikutaka kupata moto.

"Mume wangu," mkewe alimwambia asubuhi, "kesho yako imeshazeeka."

"Leo," alijibu. "Waambie leo mchana."

Mkewe alimtazama kama aliyesikia jiwe likikohoa. Akaenda akawaambia.

Mchana akaja karakanani kushuhudia. Kwenye kioo cha kompyuta joto lilisimama palepale panapotakiwa, limetulia kama maji ya mtungini.

"Limekaa vizuri mno," mkewe alisema. "Hata mtoto aliyelala hatulii hivyo. Hebu mpandishie joto, tumwone huyo kitanda wako akitoka jasho."

"Wewe na wodi yako, mna shaka na kila kitu."

"Tunaishi kwa shaka, bwana. Pandisha."

Akapandisha. Joto la kuigiza likapita la homa, likapita la maji ya kuogea. Namba ambayo programu iliisoma haikusogea. Kipasha moto kiliendelea kuwaka.

Fundi aliondoa mikono mezani. Kile kijisehemu cha prosesa kinachogeuza joto kuwa namba, kiigizi hakikukijua. Alikibandikia jibu yeye mwenyewe, zamani, namba ya mtoto mwenye afya, kisha akasahau. Majaribio yote aliyoyafurahia yalikuwa yeye akijiuliza na kujijibu.

"Nimewaambia leo," mkewe alisema taratibu.

"Najua."

"Nitarudi nikawaambie nini?"

"Usiwaambie wewe. Nakwenda mimi."

Hakuwa na mazoea ya kuingia wodini. Alivua viatu mlangoni, akanawa mikono mpaka kwenye viwiko, akasimama mbele ya mshona nguo.

"Mama, kitanda hakiji leo."

"Kimekufa kabisa?"

"Kuwaka kitawaka. Ila sijui kama kitajua kuzima. Nilidhani najua."

"Kingeweza kumuunguza?"

"Ndiyo."

"Na ukisema kesho, ni kesho ipi?"

"Sina siku ya kukupa. Nikikupa nitakuwa nimekudanganya."

Mama hakumshukuru wala hakumlaumu. Alifungua vifungo vya gauni lake, na mkewe fundi akamvua mtoto blanketi, pamba, kila kitu isipokuwa kofia, akamlaza kifuani ngozi kwa ngozi, akawazungushia khanga wote wawili na kuikaza.

"Hapo asitoke, mwanangu," muuguzi alisema. "Usiku na mchana. Ukichoka, niite."

"Sitachoka," mama alisema, akashusha kidevu juu ya ile kofia ndogo.