Shemeji Aliyeachwa Nje ya Orodha

Watu wa filamu walimwita Mkasi, maana kazi yake ilikuwa kukata. Alikuwa mhariri wa picha, mwenye chumba kimoja nyuma ya duka la kusafisha picha. Ukimletea saa thelathini za picha zisizo na kichwa wala miguu, alikurudishia filamu ya saa moja na nusu inayoeleweka. Mwenyewe alipenda kusema kwamba mtu pekee aliyemshinda kumkatisha ni mkewe.

Miaka kumi na mmoja iliyopita aliletewa filamu iliyokwama. Mwandishi alikuwa amegombana na mwongozaji akaondoka zake, na katika nusu ya pili wahusika waliongea kama wanasoma risala. Mkasi akamwomba shemeji yake, mke wa kaka yake, aje asikilize. Shemeji alikuwa karani wa shule, lakini sikio lake la maneno lilikuwa kali ajabu. Wiki tano mfululizo, kila akitoka kazini, alikaa kwenye stuli kando ya Mkasi akiandika mazungumzo upya kwenye daftari la hesabu. Waigizaji wakaitwa, wakarekodiwa tena, filamu ikafufuka.

Siku ya kukabidhi, mwongozaji akapiga simu: orodha ya majina ya mwisho isizidi dakika moja, kituo cha televisheni kimeshikilia hapo. Mkasi akaanza kupunguza. Akatoa madereva, akatoa wapishi. Bado sekunde nne zilizidi. Akalitazama jina la shemeji, akajiambia, huyu ni wa nyumbani, hatakuwa na neno. Akalifuta.

Hakumwambia. Filamu ilipoonyeshwa mara ya kwanza, watu waliinuka mapema, lakini shemeji alibaki amekaa mpaka skrini ikawa nyeusi. Kisha akachukua mkoba wake.

"Filamu nzuri, shemeji," alisema.

Mkasi akashusha pumzi, akadhani yamekwisha.

Kumbe yalikuwa yamelala tu. Asubuhi moja mwaka huu shemeji alimpigia simu, jambo ambalo hakuwa na mazoea nalo. Alikuwa ameomba kazi ya kufundisha uandishi wa filamu katika chuo kimoja, na kwenye usaili akaitaja filamu ile. Mmoja wa wasaili akafungua tovuti inayohifadhi orodha za filamu na waliozitengeneza, akatafuta, akatafuta tena, kisha akaigeuza kompyuta ili naye aone.

"Wewe upo, shemeji. Una kazi kumi na saba," alisema. "Mimi sipo. Wakanitazama kama tapeli. Hivi jina langu uliliweka?"

"Nililiweka," alisema Mkasi. "Halafu nikalitoa."

"Kwa nini?"

"Sekunde nne zilizidi."

"Haya," akasema, akakata simu.

Siku hiyohiyo Mkasi alijisajili kwenye tovuti ile, akajaza fomu ya kuongeza jina. Siku mbili baadaye jibu likaja: ombi limekataliwa, jina halionekani kwenye orodha ya mwisho ya filamu. Yaani ushahidi wa kumkana shemeji yake aliutengeneza kwa mikono yake mwenyewe. Akaeleza tena, akakataliwa tena. Ndipo akaenda kumsaka mwongozaji, ambaye siku hizi anauza vifaa vya ujenzi, akamkuta dukani akihesabu mabati.

"Yule mama? Si alikuwa anakuletea chai tu?" mwongozaji aliuliza.

"Yule ndiye aliyeandika nusu ya filamu yako."

Mwongozaji akaona haya, akaandika barua na kuitia saini. Shemeji naye alipoombwa picha za kurasa za daftari lake, alizituma bila neno hata moja. Wiki ya tatu jina likapanda tovutini, chini ya kazi ya mazungumzo, na mbele yake, kwenye mabano, "hakutajwa katika filamu."

Mkasi hakutaka kulisema hilo kwenye simu. Akaenda, akamkuta shemeji uani anaanika nguo, akamwonyesha.

Shemeji akafuta mikono, akasoma mpaka kwenye mabano. "Chuo wameshapata mtu," alisema. "Tangu wiki iliyopita."

"Nisamehe, shemeji."

"Nimekusikia." Akainama, akachukua shuka lingine. "Kaka yako yuko ndani. Kamsalimie."

Tangu hapo Mkasi alizipitia kazi zake zote kumi na saba, moja baada ya nyingine, akitafuta watu wengine aliowakata. Aliwapata sita. Mmoja, dereva, alikuwa ameshafariki. Binti yake ndiye aliyepokea simu, akashukuru kwa sauti ya chini, Mkasi akatamani angetukanwa. Wengine akawajazia fomu, akabaki na mwanamke aliyekuwa akiwapaka waigizaji rangi na majeraha, ambaye kila mtu alimwita Dada Poda. Akawauliza wote aliowajua. Wengi walikumbuka kicheko chake. Jina hakuna aliyelijua. Mkasi alikumbuka vizuri kulifuta, lenyewe hakulikumbuka. Kisanduku cha kwanza cha fomu kilitaka jina kamili. Akakitazama mpaka adhuhuri, kisha akafunga ukurasa.