Laptopu za Mwakani

Siku hizi, barazani kwa Mama Abuu pale Majengo, Sumbawanga, hakuna anayekuambia kitakachokuja mwakani. Meza imeondolewa. Pale ilipokuwa, sakafu ina weusi kidogo, na wateja wanaokuja kununua sufuria na ndoo hupakwepa bila kujua, kana kwamba mtu bado ameinama hapo na bisibisi mkononi. Asubuhi za Julai, upepo wa baridi unapokatiza mtaa, ukimya wa mahali pale unasikika hadi ng'ambo ya barabara.

Meza ilikuwa ya Eustaki, fundi wa kompyuta. Alikuwa mrefu, mpole, na koti lake la sufu lilikuwa limetoboka viwiko kwa kuegemea kazi. Kwao ni wakulima wa mahindi na ulezi. Alisomea ufundi Mbeya, akarudi, na Mama Abuu, ambaye jina lake ni Kulsumu lakini hakuna anayelitumia, akampa kona ya baraza. Ufundi aliujua, ila watu walimfuata kwa utabiri.

"Mwakani," angesema, akipuliza vumbi kwenye kibodi, "memori haitachomoka tena. Wataigandisha kwenye bodi. Ukitaka kubwa, utanunua kubwa tangu dukani."

Na ikawa. Alisema trei ya CD itaondoka, ikaondoka. Alisema laptopu zitachajiwa kwa waya wa simu. Tukamcheka, kisha tukaona.

Siri yake haikuwa siri. "Wanaotengeneza hubadilisha kile tunachokivunja," aliniambia. "Mimi nakaa panapoletwa vilivyovunjika." Zikija laptopu nyingi zenye bawaba zilizong'oka, alijua bawaba zitabadilika. Aliwasoma wenye viwanda kwa majeraha ya vyombo vyao, jinsi mama anavyojua mtoto alikocheza kwa kutazama magoti yake.

Lakini kulikuwa na utabiri mmoja ambao haukutimia. Huku kwetu, laptopu hufa kwa feni. Makapi ya ulezi huingia, vumbi huingia, na msimu wa baridi sisimizi huingia kutafuta joto, wakataga humo. Eustaki alifungua mashine nyingi za namna hiyo hata akaona haiwezekani wenye viwanda wasijue. "Mwakani zitakuja na chujio kwenye tundu la feni," alisema, kila mwaka, kwa sauti ile ile. Aliamini kwamba kilio cha Sumbawanga kimefika panapostahili. Niliipenda imani hiyo, na ilinitia huzuni.

Aliyekuwa akisubiri hilo chujio ni mkewe.

Zita ni mwalimu Milepa, kule bondeni, kwenye joto na vumbi jekundu. Alikuwa na stashahada; alitaka shahada, ile inayosomwa kwa mbali, masomo yakija kwa kompyuta na kazi zikirudishwa kwa kompyuta. Eustaki angeweza kumpa mashine yoyote iliyokuwa mezani. Hakutaka kumpa mkewe kitu alichojua kitamfia mkononi. Akamwambia asubiri ya mwakani. Zita alisubiri, usajili ukafunguliwa na kufungwa, mwaka ukageuka, akasubiri tena.

Siku aliyopanda mjini kwa lori la mahindi nilikuwa pale, nikisubiri chaja yangu. Alishuka na kitenge kimejaa vumbi, akasimama mbele ya meza.

"Shikamoo, mama," alimwambia Mama Abuu kwanza.

"Marahaba, mwalimu. Mumeo huyo hapo, anaongea na mwakani."

Eustaki akainuka kumpokea mfuko. Zita hakuuachia.

"Baba Debora, chuo kinafunga usajili Ijumaa."

"Vumilia kidogo tu, Mama Debora. Nikikushushia hii bondeni, vumbi litaiua kabla hujafanya mtihani wa kwanza. Mwakani..."

"Mwakani ipi? Mwaka jana ulisema mwakani. Mwaka juzi ulisema mwakani. Mwanafunzi wangu akikosea, namwambia afute, aandike upya. Wewe hufuti?"

"Mjibu, fundi," Mama Abuu akadakia. "Laptopu haijazaliwa, bibi harusi ameshaota mvi."

Zita akacheka, kwa kuwa Mama Abuu huchekesha hata msibani. Kisha kicheko kikaisha usoni mwake kidogo kidogo.

"Nikikosa safari hii, siombi tena," alisema. "Sitakukasirikia. Nitaacha tu kutaka."

Hakuinua sauti. Eustaki alikaa. Mezani palikuwa na laptopu moja nzito, nyeusi, ya zamani, kibodi yake nzima. Akaigeuza chali, akatazama lile tundu la feni kwa muda mrefu, kama mtu anayechungulia nyumba aliyodhani ina watu.

"Haitakuja," alisema.

"Nini haitakuja?"

"Yenye chujio. Hawatujui sisi."

Kwa miaka yote niliyomfahamu, ndiyo mara ya kwanza kumsikia akirudisha neno lake. Alilisema polepole, na Zita, aliyekuja tayari kwa ugomvi, akaweka mfuko chini.

"Mama Abuu, niletee chujio la chai. Dogo kuliko yote."

"Chai? Mke amesimama juani, wewe unataka chai!"

"Niletee tu, mama."

Lilipoletwa, Eustaki akaling'oa wavu, akaukata kwa mkasi, akaupima kwenye tundu, akaukata tena, akaubandika kwa gundi pembeni. Kazi haikuwa nzuri kutazama. Mashine iliwaka, feni ikavuma kwa taabu, kama mtu anayepumulia kwenye shuka.

"Litaziba," alimwambia Zita. "Likiziba, itapata joto na kujizima. Lazima ifunguliwe mara kwa mara, isuguliwe kwa brashi laini, taratibu."

"Na nani? Mimi mkono wangu ni wa chaki."

Eustaki alikuwa akikaza skrubu ya mwisho. Mkono ukasimama.

"Nitakuja nayo."

"Kuifikisha?"

"Kukaa."

Zita alimtazama. "Na wateja wako?"

"Si huko ndiko kwenye vumbi?"

Mama Abuu akaingia ndani haraka, akasema anatafuta ufunguo, na tukamsikia akipenga kamasi kati ya ndoo. Zita akajifuta uso kwa ncha ya kitenge. Vumbi likabaki limejichora mistari. Eustaki akampisha kwenye kiti chake, akamfungulia ukurasa wa chuo. Zita akajaza taarifa zake mwenyewe, kwa vidole viwili, mume akiwa amesimama nyuma yake.

Zita sasa yuko mwaka wa pili. Eustaki anaishi Milepa, katika nyumba za walimu, na anatengeneza simu, redio na kompyuta chini ya bati lililoegemezwa ukuta wa jiko.