Beatha na Macho ya Wifi Yake

Asubuhi yetu ya mwisho ya kawaida, mke wangu Beatha aliwasha moto mapema, akachemsha chai na viazi, akafunga miwani yake kwa uzi maana mkono mmoja wa miwani ulishavunjika. Nje ukungu. Kesho yake aliamka kichwa kinamuuma, na kabla ya Jumapili tulikuwa tumemzika. Asubuhi ile sikujua. Nilikuwa nalalamikia chumvi.

Mezani tulikuwa watatu. Dada yangu Evelina alilala kwetu, ametoka Mgwashi kuja kutazamwa macho. Mwezi uliopita daktari aliandika ana mzio, akapewa matone ya mzio. Macho yakazidi. La kushoto sasa lilikuwa linaona ukungu hata jua likiwaka.

"Kaka, moshi wenu huu ni wa kufukuzia wageni," akasema, anafuta machozi.

"Mgeni mwenyewe hafukuziki."

Beatha hakucheka. Alikuwa anamtazama anavyokula. Kila kipande cha kiazi Evelina alikisukuma kwa maji.

"Wifi, maji yote hayo ya nini?"

"Mdomo mkavu. Usiku ndiyo zaidi. Na nikiamka kope zimeshikana, nikifumbua ni kama nimemwagiwa mchanga."

"Ulimwambia daktari hayo?"

Evelina akainama. "Niliingia na Martin."

"Leo mwambie."

Martin ni mkwe wake, amemwoa binti yake. Ni mwalimu, na bima ya Evelina inapitia kwake. Kijana mwema. Lakini kwetu mama hamfungulii mkwe habari za mwili wake. Hata kula mbele yake hali. Naye Martin kwa kumpenda mama mkwe hamwachi hatua.

Beatha alizaliwa Bungu. Nilimwoa akiwa mfagiaji kwenye kituo cha macho hapa Lushoto. Wakamwona anasoma miandiko ya madaktari vizuri kuliko wao kwa wao, wakamfundisha kazi ya mafaili. Mimi sikusoma, lakini kazi yake naijua, maana alikuwa akinieleza tukipalilia. Kila ugonjwa una namba yake. Macho ya mzio yana yake, macho makavu yana yake. Daktari anaandika alichouliza na alichopima, Beatha anasoma, anaweka namba, bima inafuata namba hiyo. Namba ikikosewa, na dawa inakosewa.

Nilimwuliza siku moja, jicho linalotoka machozi linakuwaje kavu? Akasema jicho likikauka linauma, likiuma linalia, na machozi hayo ni maji matupu, hayakai.

Basi tukaenda. Martin tukamkuta getini, tai shingoni. "Shikamoo mama. Shikamoo mjomba." Akashika mkoba wa Evelina, akaingia naye hadi kwa daktari. Mimi nikakaa kwenye benchi. Walipotoka, Evelina alikuwa amejifunika khanga hadi puani. Sikuwa na haja ya kuuliza.

Daktari Fahadi anatoka Tanga mara moja kwa mwezi. Siku ile alitaka kuwahi kushuka mlima kabla ya mvua. Gari lilishawashwa.

Beatha akatoka na faili mkononi. Akanijia karibu. "Ameandika mzio tena. Mstari mmoja. Hakumwuliza kitu, naye hakusema kitu. Mwondoe Martin."

"Nimwambie nini?"

"Usimwambie. Utawaaibisha wote wawili."

Nikamfuata Martin. "Mwalimu, twende nje kidogo."

"Mjomba, namsubiria mama dawa."

"Mama yako ana kaka."

"Kadi ni yangu, mjomba. Lazima nijue kinachoendelea."

Dereva akapiga honi. Nikamwona daktari anafunga begi. Nikashika goti, nikaguna, nikamwegemea. "Nipeleke getini. Mguu umekufa."

Akacheka. "Mjomba! Jana si ulikuwa unabeba viroba vya mbegu?"

"Ndivyo vilivyouua."

Nilimwegemea uzito wangu wote. Tukaenda kama wazee wawili.

Ya ndani alinisimulia Evelina. Beatha alimrudisha kwenye kiti, akaweka faili juu ya begi la daktari.

"Mama Tobia, hili si nimelimaliza?" daktari akamwuliza.

"Umelimaliza, daktari. Hujaandika ni jicho lipi, wala kama machozi yamepimwa. Siwezi kuliwekea namba."

"Weka ya mzio, kama mwezi uliopita."

"Ya mwezi uliopita ninayo. Mgonjwa amerudi nayo, na jicho moja limepungua kuona."

"Wewe ni wifi yake. Kama kuna unachojua, sema, niandike niondoke."

"Nilichosikia mezani kwangu hakiandikwi. Muulize mwenyewe. Sasa yuko peke yake."

Honi tena. Evelina anasema hapo daktari alikunja uso. Halafu akamwita dereva dirishani. "Zima gari."

Akakaa. Akauliza. Evelina akasema yote: mchanga, kope, maji ya usiku, hata vidole vinavyouma asubuhi. Daktari akamwekea vikaratasi vya kupimia machozi kwenye kope za chini. Vikatoka karibu vikavu vile vile. Akamtia rangi machoni, akatazama kwa taa ya bluu. Jicho la kushoto lilikuwa na kidonda.

"Mwezi mmoja zaidi na matone yale, tungelipoteza," akasema. Akaandika ukurasa mzima: macho yote mawili makavu, la kushoto lina kidonda, apimwe na damu kwa ajili ya mdomo na vidole. Beatha akasoma amesimama, akaweka namba, dawa ikatoka ya kufaa.

Tuliporudi ndani, Martin akaona mguu wangu umepona. "Mjomba, goti hilo lina dawa gani?"

"Hewa," nikasema.

Evelina sasa anaona. La kushoto lina kovu, lakini anachambua maharage mwenyewe. Alipokuja msibani alileta chupa yake ya matone, akawa anajitilia machoni huku analia.

Jioni ya siku ile ya daktari, Evelina ameshaondoka, tulipanda nyumbani mimi na Beatha, mvua inanyesha. Hakuwa na furaha niliyoitarajia. Alitembea ameshika pochi kifuani. Nikamwuliza: kama gari lingeondoka, ungeweka namba gani?

Alisimama. Akasema: "Ningeweka aliyoiandika daktari, Baba Tobia. Halafu ningerudi nyumbani nishindwe kukutazama."