Shuka Zilizopigwa Pasi Saa ya Chakula

Zamani, katika kiwanda kile cha kufulia, saa ya chakula ilianza kwa ukimya. Fundi wa boila alifunga koki kubwa ya mvuke, mabomba yakakohoa kidogo kama wazee wanaojiandaa kulala, kisha jengo zima likatulia. Watu walikula wameketi. Aliyeshiba alijinyoosha juu ya marundo ya shuka safi zenye joto, na hakuna aliyemuuliza kitu. Muda ule haukuwa na mshahara, wala hakuna aliyeudai, maana muda wenyewe ulikuwa wao.

Fundi yule alikuwa mume wa mpiga pasi mmoja wa kiwandani pale. Sasa ni marehemu. Usiku hamjii mkewe ndotoni hata kidogo. Usingizi wa usiku ni wa kuchoka tu, mzito, hauna mtu ndani yake. Alikuwa akija mchana, saa ya chakula, mjane akiwa amejilaza pale juu ya shuka. Aliingia kwa mlango wa nyuma, mikono ina masizi, akasema, "Sogea kidogo, mke wangu." Akalala kando yake, na shuka hazikuchafuka.

Ndipo akaja msimamizi kijana, akakataza koki kufungwa, na mabomba hayakunyamaza tena. Siku hizi watu wanakula wima, wanameza bila kutafuna, kama wameiba, na hayo wanayaita maendeleo.

"Mama, wewe ule tu hapo hapo mashineni," alimwambia mjane. "Ila jicho liwe kwenye kipimo cha presha. Mvuke ukizidi, punguza."

"Na muda huo nalipwa?"

"Mama naye. Utalipwaje na wewe unakula?"

Tangu hapo marehemu akawa anaishia mlangoni. Mjane alimwona akiinua mguu avuke kizingiti, mara mvuke ukapuliza, macho yakafumbuka, mlango mtupu.

Siku moja ya joto kali, kijiko kikiwa mkononi, usingizi ulimkuta amesimama. Marehemu akaingia mpaka katikati ya chumba. Alimpokeza mkewe shuka moja baada ya nyingine, naye akazipitisha mashineni, akazikunja pembe kwa pembe, wakizungumza mambo ya nyumbani, ya paa linalovuja, taratibu, kama watu wasio na haraka ya kwenda popote. Alipozinduka rundo lilikuwa limekwisha. Dereva akalipakia, akaondoka nalo.

Jioni nyumba ya wageni iliyozipokea ilizirudisha zote. Lilikuwa rundo la shuka ambazo hazijafuliwa. Zilikuwa zimenyooka kama karatasi, kila moja na doa lake la chai katikati.

"Hizi umezipiga pasi wewe?" aliuliza msimamizi.

"Mikunjo ni yangu, mwanangu. Nilizipiga saa ya chakula."

"Basi utajieleza. Huu ni uzembe kazini."

"Kazini?" alidakia mfuaji aliyeitwa Redio, kwa kuwa hazimiki. "Bosi, si ulisema saa ile anakula? Mtu anayekula anazembea nini, kutafuna?"

"Wewe rudi kwenye mashine yako."

"Ana haki ya kuuliza," alisema mpiga pasi. "Chagua moja, mwanangu. Kama nilikuwa kazini, nilipe, kisha nishtaki. Kama sikuwa kazini, ajieleze aliyeniweka nilinde kipimo."

Msimamizi akaenda ofisini. Aliporudi alikuwa mpole. Shuka zingefuliwa upya, na kuanzia kesho anayelinda kipimo akila atalipwa.

"Shoga, umeula," alinong'ona Redio.

Lakini mpiga pasi alitikisa kichwa. "Mimi muda wangu siuzi. Nataka koki ifungwe."

"Koki haifungwi, mama. Mambo hayo yamepita. Boila ikipoa, mchana wote umekwenda."

"Basi mtafute mwingine. Mimi nikila, nisiitwe."

"Mimi wangu nauza," alisema Redio. "Mume wangu mimi, hata akinijia ndotoni, nitamwambia niko kazini."

Kesho yake, mchana, mpiga pasi aliosha mikono, akala ameketi, akajilaza juu ya shuka za joto na kuyageuzia mabomba mgongo. Yalikuwa yakipiga kelele zao. Alingoja. Kelele zikawa mvua, mvua ikawa ya paa lao la zamani, na mtu akawa anapangusa miguu nje ya mlango wa nyuma.

Msimamizi alikuja akimtafuta, ana mzigo wa haraka wa kupigwa pasi.

"Hayupo," alisema Redio, jicho kwenye kipimo, mdomo umejaa.

"Si yule pale amelala?"

"Nimekwambia hayupo. Subiri arudi."

Msimamizi alimtazama mama yule, ambaye alikuwa amesogea pembeni kabisa mwa rundo na kuacha nafasi ya mtu. Akauweka mzigo chini, polepole, usitoe sauti.