Kujifunza Msumeno kwa Mdomo wa Mama Mkwe

Mafundi wa Kyela mjini walinichosha. Nilitaka masanduku mawili tu ya kuchachushia kakao, mbao tupu zenye matundu chini. Fundi wa kwanza aliniambia njoo Jumamosi. Jumamosi akasema umeme umekatika, njoo Jumanne. Jumanne nikakuta kibanda kimefungwa na simu haipokelewi. Huku nyuma, kakao yetu ya Bujonde ilikuwa inageuka njano mtini, na ile ya msimu uliopita niliyoifunika chini kwa majani ya migomba ilikuwa imeota ukungu, mnunuzi akaisukuma kando kwa mguu. Nikasema basi, nitapasua mbao mwenyewe.

Msumeno ulikuwepo nyumbani, ule wa umeme wenye diski ya mviringo. Mume wangu alimnunulia baba yake, seremala wa maisha yote, kisha akarudi kazini kwake Tunduma. Lakini mtoto wa jicho alishamwingia mzee macho yote mawili na mstari wa penseli hauoni tena. Msumeno ukabaki kwenye boksi lake chini ya kitanda.

Kwa hiyo ujuzi ulikuwa kwa baba mkwe, macho yalikuwa kwangu, na katikati yetu kulikuwa na mwiko. Siku hizi nyumba nyingi zimeuacha. Rafiki zangu niliokua nao Ngana wanasalimiana na wakwe zao na kula nao meza moja. Nyumba niliyoolewa mimi haijaacha kitu. Mke wa mwana hamtazami baba wa mumewe na hasemi naye. Nikimwona njiani naingia migombani mpaka apite. Mimi mzee huyu namjua kwa kikohozi na kwa mgongo wa koti lake.

Nilimpigia mume wangu nikamwomba aseme na wazazi wake, angalau kwa siku hiyo moja. Akacheka.

"Mama atakuwa katikati," alisema. "Atakuambia kila kitu."

Mama mkwe akawa katikati. Mzee alikaa kwenye kigoda nyuma ya jiko, mimi nikawa uani upande wa mbele, na mama akawa anazunguka ukuta kwenda na kurudi, kanga imefungwa kiunoni kama mtu anayekwenda kuamua ugomvi.

"Anauliza, unapasua au unakata?"

"Mama, si vyote ni kukata?"

"Hata mimi nimemwambia hivyo."

Nyuma ya jiko nilisikia mtu akishusha pumzi nzito. Mama akaenda, akarudi na jibu: kupasua ni kufuata nyuzi za mbao kwa urefu wake, kukata ni kuzivuka nyuzi kwa upana. Nikauliza tofauti hiyo inanihusu nini. Akasema hilo hakuuliza, na amechoka kuzunguka.

Safari iliyofuata alikuja na habari ya diski. Isizame sana, itokeze kidogo tu chini ya ubao.

"Kidogo kama nini?"

"Amenionyesha kidole."

"Kidole kizima au ukucha?"

Mama mkwe alitazama kidole chake, akakigeuza, akakitazama tena. "Wewe weka kidogo," alisema.

Nikaweka kidogo. Akarudi tena: ile kinga ya chini, inayojifunika yenyewe juu ya meno ya diski, nisithubutu kuifunga kwa waya. Na waya nilikuwa nao mkononi tayari. Kinga ilikuwa inanificha mstari, na mafundi wote wa mjini niliowaona wameifunga ibaki wazi. Niliutupa waya kwa hasira.

Kisha akaja na neno moja. "Anasema simama kando."

Katika nyumba yetu neno hilo lina maana moja: mzee anataka kupita. Nikachomoa waya wa umeme, nikaweka msumeno chini, nikaenda kusimama migombani na mgongo wangu umeelekea njia. Nikangoja. Mbu wakaniuma. Hakupita mtu. Mwishowe nikasikia mama akiita, "Mbona kazi imesimama?"

Kumbe alimaanisha nisisimame nyuma ya msumeno, nikae ubavuni mwake, ili ukiruka usinikute. Nilitaka kulia. Ubao hata mmoja ulikuwa haujaguswa na jua lilikuwa limeshapanda.

Nikarudi, nikalaza ubao wa kwanza juu ya viti viwili, kimoja kila mwisho, nikawasha. Mzee alikuwa anasikiliza mlio. Nilimsikia akimwambia mama jambo refu kwa haraka, na mama akaja mbio, akinipigia kelele juu ya sauti ya mashine:

"Anasema mbao ibane!"

Nikadhani ubao unacheza. Nikazima, nikaweka tofali kila mwisho, ukabanwa kweli. Nikawasha tena nikaendelea kupasua. Nilipofika katikati, ubao ulilegea ukazama kati ya viti, ule mpasuo ukajifunga na kuishika diski. Mlio wa msumeno ukabadilika, ukawa mzito kama mtu anayekabwa.

"Leka!" ikatoka sauti nyuma ya jiko. "Leka, gwe! Achia! Zima!"

Haikuwa sauti ya mama. Kidole changu kiliachia swichi kabla sijaelewa ni nani aliyesema. Msumeno uliruka nyuma hata hivyo, ukapita kando ya paja langu, ukaanguka udongoni. Kinga ilikuwa imeshajifunga juu ya meno. Sketi yangu ilichanika pindo. Mguu ulikuwa mzima.

Mama mkwe alikuwa ameshika kichwa kwa mikono miwili. Nilidhani ni kwa ajili yangu.

"Amekusemesha," alisema. "Amekusemesha mwenyewe!"

"Mama, alisema mbao ibane, au isibane?"

Akafikiri. "Isibane," alisema. "Uweke kabari kwenye mpasuo, isibane."

Jioni ile baba mkwe alichukua fimbo yake akaenda kwa dada yake kule Talatala, kwa aibu, akakaa huko. Hakusema atarudi lini. Niliwaka. Mtu ameniokoa mguu, halafu ananikimbia kama aliyeniibia! Na mbao zangu zimelala uani nusu zimepasuliwa, na hata ule ujumbe uliopinda sina tena.

Nikamaliza peke yangu. Nilichonga vijiti vyembamba viwe kabari, nikawa napachika kimoja kwenye mpasuo kila nilipoendelea. Nikaongeza viti katikati ili ubao usizame. Nikajua sasa kwa nini aliuliza kama napasua au nakata: ni kwenye kupasua, ukifuata nyuzi safari ndefu, ndipo mbao hujifunga na kukushikia diski. Angeniambia hayo dakika moja tu, uso kwa uso, ningekuwa nimeshamaliza.

Masanduku yalikamilika. Moja lina pengo pembeni linalovujisha utomvu wa kakao, nimeliziba kwa kitambaa. Kakao ilitoka nyekundu safi, bila ukungu.

Mzee aliporudi nilimsikia akikohoa nyuma ya jiko, akipapasa mbao kwa viganja. Nikamwita mama mkwe, nikamwomba ampelekee neno moja tu: ndaga. Asante kwa siku ile. Akazunguka ukuta. Alikaa huko muda mrefu.

"Nimemwambia," alisema aliporudi. "Amekusamehe."

"Amenisamehe nini?"

"Si umeomba radhi?"

"Nimesema ndaga, mama. Nimeshukuru!"

"Yote ni heshima," alisema mama mkwe, akaingia jikoni kutazama ndizi zake.